Dawa ya Majani

Aibu hii bora niisimulie mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa mtaa wetu wa Rugenge wataitia chumvi, na yangu peke yake inatosha ziwa zima.

Mama mukwe wangu alikuwa na roze saba, waridi kwa jina la shule, chini ya dirisha la chumba alimofia mume wake. Yule mzee ndiye aliyezipanda, na kila mwaka, siku ya misa ya kumkumbuka, mama anazikata mwenyewe na kuzipeleka kaburini. Alipopanda milimani Bijombo kumwona dada yake, aliniachia neno moja tu: "Mukwe, unichungie roze zangu. Misa iko Jumapili, siku ya Mungu."

Jumamosi, asubuhi ya kurudi kwake, niliona vumbi la barabara limezifanya kama bibi waliotoka kusaga muhogo, nikasema nizipendezeshe kidogo. Nyuma ya jiko nikakuta bidoni, dumu la plastiki, ya shemeji Bahati, ndugu ya mke wangu Riziki, anayelima mahindi Nyakabere, na juu yake ameandika kwa kalamu ya bic: DAWA YA MAJANI. Sasa minye niko muntu wa diplome (miaka mitatu ya shule ya jioni, na mbu wote wa Uvira tulisoma darasa moja), nikawaza kwa akili ya kisomo: dawa ya macho inaponyesha macho, dawa ya tumbo inaponyesha tumbo, basi hii je? Nikaijaza kwenye pompi, nikanyunyizia kutoka upande wa barabara huku nikipiga mluzi na kukohoa, daktari mzima.

Saa nane mchana mama akafika. Upepo hakuna, ziwa limetulia kama bati. Hakusalimia. Roze zote saba zilikuwa zimepinda shingo, si kunyauka, jamani, kupinda, vichwa vyote vimegeukia dirisha la marehemu, na majani yamejikunja kama vidole vya mtu anayeita. Tukiwa tunatazama (hapa siongezi kitu, kwa mara ya kwanza maishani), jani moja likatikisika, peke yake, kisha likatulia.

"Ananiita," mama akasema.

"Nani, mama?"

"Baba Riziki. Iko mule ndani."

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nikasema, "Labda ni jua."

Majirani wakajaa, nyimbo za kanisa zikaanza, na hakuna aliyethubutu kusogelea lile dirisha. Mama Neema wa nyumba ya pili akaapa kwamba asubuhi alimsikia marehemu akikohoa. Nilijua nani alikohoa, lakini niliimba kuliko wote. Ndipo mama mukwe akaingia ndani, akatoka na kitenge cha buluu, akakiweka mikononi mwa binti yake. "Riziki, hiki ndicho mutanivalisha. Usilie, mwanangu, yeye amengoja sana."

Riziki akapiga yowe. Na minye nikaanza ubeti wa tatu.

Pikipiki ikasimama mlangoni. Bahati. "Nani alichukua dawa yangu ya majani?"

Wimbo ukakatika. Vichwa vyote vikanigeukia, vimepinda kama zile roze.

"Nilifikiri inaponyesha majani," nikasema.

"Ile iko ya kuua majani mabaya, magugu, inaacha mahindi tu! Upande uliopigwa unarefuka upesi, shingo inapinda upande wa pili! Na dawa ya panya, shemeji? Inaponyesha panya?"

Nadhani kicheko kile kilisikika mpaka Bujumbura. Mama peke yake hakucheka. "Weye ulinisikia nikichagua nguo ya kuzikiwa," akasema polepole, "na ukaendelea kuimba?"

Nikaokota ndoo.

"Munacheka nini, leteni maji!" Bahati akafoka. Nikaosha jani moja moja kwa maji na sabuni kidogo, nikakata ncha zilizojikunja, nikaondoa udongo wa juu, nikaleta mwingine na kuuchanganya na makaa ya kusaga yanayonyonya dawa, nikiwa nimepiga magoti mbele ya mtaa mzima. Siku ya Mungu mama akaenda kaburini mikono mitupu, minye nyuma yake, nikihesabu mawe ya njia.

Sita zilikufa. Ya saba, baada ya miezi miwili, ikatoa ua moja, shingo bado imegeukia dirisha. Nikaleta kijiti niinyooshe. "Wacha," mama akasema, "inajua mahali pa kuangalia." Akalikata, akanipa nilibebe mpaka kaburini, na hapo nikajua nimesamehewa.

Tangu hapo, kitu chochote kinachoitwa dawa, nauliza kwanza kinaponyesha nani na kinaua nani. Hata Mama Neema nilimwambia ukweli wa kile kikohozi, tumalize mambo.

Akanitazama sana. "Weye ulikohoa barabarani, nilikuona. Kile kingine kilitoka ndani."

Sijabishana naye. Ila nikitaka kukohoa siku hizi, ninaenda kwanza mpaka ziwani, mbali na lile dirisha.