Bega la Kuazima

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo na kitambaa, nikaambiwa nisiguse chochote kilichofunikwa kwa nguo ya kijani. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Wazazi walikuwa wamefariki, wadogo zangu wanne walikuwa mtaani Mapendo wakiningoja, na daftari zangu za shule nilikuwa nimempa anayenifuata. Mkuu wa wauguzi wa chumba cha upasuaji alinitazama nikipangusa sakafu, akasema, "Wewe hauna haraka. Utabakia."

Nilibakia miaka arobaini na mitatu.

Kutoka kwenye ndoo nilipandishwa kuwa msaidizi wa kine, yaani kazi ya kumfundisha mgonjwa kutumia tena kiungo chake. Huko ndiko nilikokutana na mabega. Bega ni mpira wa mfupa unaozunguka kwenye kikombe kidogo. Vikiharibika, daktari huviondoa na kuweka vingine vya kutengenezwa. Hiyo ndiyo proteze. Mara ya kwanza nilipoona picha yake, chuma kikiwaka cheupe ndani ya mtu aliye hai, nilisimama wima kama niko kanisani.

Mabega hayo yalikuwa machache. Wiki moja walilazwa wawili. Mama Kavira wa Butembo, aliyepita miaka sabini, alikuwa na miaka minne hawezi kujifunga kilemba. Bahati wa Masisi, mwenye miaka thelathini na moja, alikuwa akisukuma chukudu lake, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kutoka Sake. Lilimwangusha karibu na ziwa la Lac Vert, magunia ya makaa yakamlalia, mfupa ukaunga vibaya na mpira wa bega ukafa.

Daktari mkuu wa upasuaji alisita. "Yule mama, bega hili litamtosha," alituambia. "Huyu kijana, bega litazeeka kabla yake."

Lakini Bahati hakupata usingizi kwa maumivu, na alikuwa na watoto watatu. Akapasuliwa.

Tulianza na mkono kufungwa shingoni kwa kitambaa, kisha kuinama na kuuacha mkono uning'inie kama kengele, kisha kupandisha vidole ukutani. Kila wiki niliweka alama ya chaki walipofika. Bahati alimpita mama upesi, akawa anamwita koko, yaani bibi, na kumchokoza.

"Koko, mukono yako inapanda mulima na mizigo?"

"Na yako inakimbia kama umeiiba," mama akamjibu.

Siku ya kutoka niliwaambia tulivyozoea kusema, "Sasa muko na bega mupya." Bahati alicheka kwa furaha. Mama Kavira alitikisa kichwa. "Ile ya Mungu nilishaimaliza. Hii ni ya kuazima, nitaichunga."

Nilidhani ni mzaha wa wazee.

Mwaka haukwisha, Bahati akarudi ameshika kiwiko kwa mkono wa pili. Picha ilionyesha kikombe kimelegea. Nikamuuliza amebeba nini.

"Nilirudia chukudu, Mama Kine. Ulisema ni mupya. Kitu mupya inabeba kushinda ya zamani, si vile?"

Hakuwa akinilaumu. Karatasi ya hospitali ilimkataza mizigo, lakini ilikuwa ya Kifaransa, naye hakuisoma. Alilobeba nyumbani ni neno langu.

Alipasuliwa tena. Daktari alimwambia mfupa uliobaki hautaweza mara ya tatu. Tukaanza upya, chaki ya kwanza ikiwa usawa wa kiuno. Miezi minane mkono ulipanda, ukafika sikioni, ukasimama hapo. Tangu siku hiyo sikumwambia mgonjwa yeyote kwamba bega ni mupya.

Nimeona wengine baada yao. Wazee huomba kijiko, kilemba na usingizi, na bega huwapa. Vijana hufika juu zaidi mwanzoni, kisha maisha huwadai mizigo. Chuma ni kilekile, na hadi leo sijaacha kustaajabu kwamba mwili hukikubali.

Mama Kavira tulimzika mwaka jana. Binti yake aliniambia alijifunga kilemba mwenyewe hadi wiki ya mwisho. Bahati sasa huketi kando ya barabara, akiwakatia wenzake mpira wa magurudumu ya chukudu. Nikipita kwenda sokoni huinua mkono mpaka sikioni.

"Mama Kine, ya kuazima inakusalimia."

Nami humwinulia wangu, ule wa Mungu, ambao siku hizi nao hauvuki sikio.