Pilipili na kengele yake siku ya picha

Leo nimepigwa picha pamoja na mbwa wangu Pilipili, na koti ya shemeji imekufa.

Ngojeni niwaeleze.

Mupiga picha alifika hapa Walikale na kamera yake ya miguu tatu. Alikuwa amebaki na picha moja tu. Nikasema: hiyo njo yangu! Nitamutumia mama mukwe kule Nyabiondo, yeye anayesema mimi ni muwindaji wa mudomo.

Nikavaa koti nyeusi ya shemeji. Pilipili nikamuosha mpaka akakuwa mweupe kabisa.

Lakini shingo yake ilikuwa wazi. Mimi niko na koti, yeye iko uchi? Nikaona haya.

Nikachukua kengele yake ya muti.

Bibi yangu akapiga kelele: "Papa Furaha, usimufunge! Ile kengele tunamufungaka siku ya kuwinda tu!"

"Mama Furaha, Pilipili anajua picha ni picha."

Hakujua.

Kengele ililia mara moja, na Pilipili huyo, porini! Kamba iko mukononi mwangu, mimi nyuma, koti kwenye miiba. Mupiga picha, kichwa chini ya kitambaa chake, alibaki anaangalia kiti nilikuwa nimekalia.

Tulirudi jua likiwa juu. Koti ilikuwa na mukono moja. Lakini Pilipili alikuwa amekamata mboloko, ile swala ndogo ya pori letu.

Mupiga picha akataka nijipanguse matope.

Nikakataa. "Tupige vile tuko."

Sasa wandugu, nishaurini: koti niirudishe peke yake, ao na muguu moja ya mboloko juu?