Ukuta wa Kujitwikia

Dada yangu ana mashine ya kusaga huku Misunkumilo, pembezoni mwa mji, pale nyumba zinapopungua na mashamba ya mahindi yanapoanza. Marehemu mume wake ndiye aliyeinunua, lakini tangu siku ya kwanza dada ndiye anayeiendesha. Anawasha, anamimina mahindi, anakinga unga, kisha anatoka nje na mteja ili amtwike. Hilo la mwisho hakuna aliyewahi kulihesabu kuwa kazi. Ndoo iliyojaa unga ni taabu kuipandisha kichwani peke yako, lazima mwenzako ashike upande mmoja, na mwenye mashine akikuacha uhangaike nayo uwanjani, huyo hana adabu.

Kisha dada akaanguka na bodaboda kwenye matope, mgongo ukaumia vibaya. Alilazwa, akaruhusiwa, akarudi na kuwasha mashine. Wateja wakaja siku za mwanzo, halafu wakaacha mmoja mmoja. Ilifika mahali mashine inawashwa kwa ajili ya mahindi yetu wenyewe.

Shemeji yetu, mdogo wa marehemu, si mtu mbaya. Alikuja, akanywa uji, akasema mashine isiyosaga inaoza, na kuna mtu wa Ikola anaitafuta. Ukoo umeona bora iuzwe kabla haijawa chuma chakavu. Akasema atarudi na huyo mtu baada ya mavuno, wateja wasiporudi. Dada hakubisha, ingawa bila mashine ingebidi arudi kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, na mgongo ule ule.

Mimi ni mchora mabango mjini Mpanda. Watu wakiniuliza kazi yangu nasema dizaini, kwa sababu nimechoshwa na sura wanazoniwekea nikisema napaka rangi. Kwa hiyo shida ya dada niliitibu kwa dawa niliyokuwa nayo mkononi. Nilimchorea bango kubwa, herufi nyekundu zenye kivuli cha bluu, na hindi lililomenywa nusu ambalo mpaka leo najivunia. Wapita njia walisimama, wakalisifu hindi, wakaendelea na safari yao.

Nilikasirika sana. Nikamwambia dada watu wa mtaa huu hawana shukrani, na kama wangekuwa wateja wangu ningewafuata majumbani nikawaambie.

"Waache," akasema. "Labda wanaona nina mkosi. Mume kafa, mgongo nao umekwisha. Nani atataka unga wa mtu kama mimi?"

Alisema hivyo huku anafagia mashine ambayo ilikuwa safi tayari. Iliniuma kuliko nilivyotaka aone.

Siku chache baadaye nilikuwa juu ya ngazi naandika ukuta wa duka, kwenye barabara inayokwenda kwenye mashine nyingine, mbali kabisa na kwetu. Jua lilikuwa kali. Nikamwona mama mmoja, jirani anayetazamana mlango kwa mlango na dada, anatoka huko na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, jasho linamtiririka. Nilishuka na brashi yangu mkononi.

"Mama, kwani mashine ya dada ina sumu?"

Aliniomba kwanza nimtue. Nikamtua. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, taratibu, kama mtu asiyeona sababu ya kugombana na mimi.

"Sumu ya nini, mdogo wangu? Unga wake ndo mzuri kuliko huu. Lakini mimi nikienda pale atainuka anitwike. Ukimwambia kaa, hakai, anakasirika kabisa. Siku ya mwisho nilimwona amegeuka pembeni anauma meno. Nikasema basi, mimi sitakwenda pale kumuua mtu."

"Na wengine?"

"Wengine hivyo hivyo."

"Sasa mbona hamkumwambia?"

"Tumwambie nini? Kwamba hawezi tena? Nyie ni ndugu zake, mwambieni nyie."

Nilimtwika akaenda zake. Nilirudi nikakaa kwenye ngazi, nikacheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka. Mtaa mzima ulikuwa unatembea juani kwa heshima ya mtu ambaye yuko nyumbani anaamini wamemtupa.

Kumwambia dada asitwike watu ilikuwa sawa na kumwambia amekwisha. Nilitaka kitu ambacho kingesema badala yetu. Nikamwita fundi mwashi, tukakusanya tofali za kuchoma zilizobaki nyuma ya nyumba, nikamwonyesha ninachotaka: ukuta mnene wa kuwekea ndoo, unaokaribia kimo cha mtu, wenye kidato usawa wa kiuno cha kuipumzisha kabla ya kuipandisha juu. Mtu akishaifikisha juu, anaivuta mpaka ukingoni, anakunja magoti kidogo, anaingiza kichwa chini yake na kuondoka. Fundi akaanza kusawazisha uwanja, maana uwanja wa dada umelala kidogo kuelekea barabarani. Nilimzuia. Tuligombana hadi majirani wakatoka. Nilichotaka ni juu pawe sawa na chini paachwe na mteremko wake, ili mwanamke mfupi asimame upande wa mlangoni na mrefu upande wa barabarani, kila mmoja apate penye kimo chake bila kuuliza. Alipoelewa, alijenga vizuri kweli. Dada alipouliza, nilimjibu tu kwamba ni pa kuwekea ndoo.

Mama jirani alikuwa wa kwanza kuja. Unga ulipokwisha kusagwa, dada akatoka nyuma yake kama kawaida, mikono mbele. Mama alikuwa ameshaondoka ukutani na ndoo yake kichwani.

"Pumzika, dada," akasema. "Mimi tayari."

Dada alibaki na mikono yake hewani. Hapo ndipo nilipomweleza yote niliyoambiwa barabarani. Aliegemea kidato, akalia waziwazi, akasema, "Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwachukia."

Mavuno yalipopita, shemeji alikuja na mtu wa Ikola. Walikuta mabeseni yamepangwa foleni mpaka njiani. Dada aliwatolea viti, akarudi kusaga. Shemeji aliwatazama wanawake wakijitwika mmoja baada ya mwingine, akaenda kuushika ukuta, akauliza ni nani aliyebuni kitu hiki.

Nilishafungua mdomo. Dada akawahi, akiwa mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi.

"Wateja wangu," akasema.

Nikafunga mdomo, kwa sababu ilikuwa kweli. Shemeji akamgeukia mgeni wake, akamwambia atafute mashine kwingine.