Trela Isiyo na Breki

Juzi nilipita kwa fundi wa kuchomelea vyuma hapa Donholm, nikamkuta anamalizia trela ndogo ya kuvutwa na pikapu. Nikamuuliza breki ziko wapi. Akacheka. "Breki za nini, mathe? Si gari iko nazo?" Ndugu yangu, nilishikwa na hasira nikaondoka bila kuaga.

Nililelewa mtaa wa Mbotela, kwenye nyumba za kaunsili. Jirani akifiwa, mtaa mzima ulimzikia. Kina mama walikaanga mandazi ya safari, sisi watoto tukisugua sufuria kubwa kwa jivu. Jeneza lilitangulia kwa basi hadi kijijini kwa marehemu, magharibi mwa nchi. Viti, turubai na sufuria vikafuata kwa trela aliyoiunda jirani yetu fundi, ikivutwa na pikapu ya kanisa. Tuliionea fahari, wacha tu!

Baba alitengeneza breki katika karakana ya reli. Siku trela ilipoletwa, aliinama akachungulia chini. "Kila behewa lina breki yake," akasema. "Hata mkokoteni una kipande cha tairi cha kuuzuia. Hii ikijaa, itasukuma gari." Fundi akapaza sauti, "Mzee, hii si treni!" Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Nilikuwa na miaka tisa, na nilimcheka babangu mbele ya watu.

Kisha, jirani mwingine alipofiwa, dereva wa kanisa akaugua, na majirani wakaja kumwomba Baba aendeshe. Mama alimsihi akatae. "Nikikataa," akajibu, "watasema nimekataa kuzika mtu kwa sababu ya vyuma." Kwetu hilo ni tusi lisilofutika. Akaenda.

Kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, trela iliisukuma pikapu hadi ikatoka barabarani. Baba alikuwa peke yake ndani.

Kwenye matanga yake fundi alisimama akasema ajali haina kinga, watu wakaitikia amina. Haina kinga? Kinga Baba aliitaja mwenyewe, wakamcheka! Siku ya kumpeleka Baba nyumbani kuzikwa, viti vya mazishi yake vilipakiwa kwenye trela ileile, imenyooshwa na kupakwa rangi. Mama akauliza kama wameitia breki. Fundi akamjibu kwa upole, "Mama, huu si wakati wa mambo hayo."

Wale niliokua nao hulalamika kwamba umoja wa Mbotela umekwisha, siku hizi kila mtu anazika wake. Wanataka nihuzunike nao. Siwezi. Wao wanaulilia umoja. Mimi namlilia Baba.