Kapteni Luhende

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, hapa Bariadi, Somanda, Jumapili saa tisa alasiri, jua linawaka na sijagusa tone la pombe. Wala sinywi. Nilikuwa mwanakwaya.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kila kukicha mtu anafungua duka, na kila mwenye duka anataka bango. Fundi wa mabango nilikuwa mimi. Jirani yangu Kulwa aliuza mitumba, na siku moja alipofungua belo la nguo za watoto akakuta mfuko wa vijitu vya plastiki, rangi ya majivu, urefu wa kidole gumba. Askari wa mapanga na mikuki, wengine na vichwa vya fisi, wengine wameota mapembe. Pamoja nao kijitabu cha Kiingereza. Tukampelekea rafiki yetu Mwalimu, aliyefundisha sekondari. Akakisoma siku mbili, akaja anacheka peke yake: "Jamani, hii ni vita. Inapiganwa mezani, kwa dadu na rula."

Basi tukanogewa, wee! Watu wazima watatu, na ndevu zetu. Kuwapaka rangi ilikuwa kazi yangu. Brashi nilitengeneza kwa nywele chache za mkia wa ndama, macho nikayatia kwa ncha ya mwiba, midomo kwa rangi ya kucha ya mke wangu Kabula, akanisema wiki nzima. Tukapasua gunia la pamba, nikachora juu yake nchi yetu: Nassa huku, Kiloleli kule, mto katikati. Kila Jumapili baada ya ibada tulikutana kibandani kwangu, na vita ikaendelea pale ilipoishia. Mimi na Kulwa tulipigana, Mwalimu alikuwa refa na mwenye daftari. Kila kapteni aliandikwa humo kwa jina lake, na sheria haikupinda: anayekufa mezani anakatwa jina, harudi tena.

Sasa sikia kosa langu. Kapteni wangu alikuwa kijitu kimoja kilichosimama na mguu wa kushoto umenyooka mbele, goti halikunji. Joho lake nilipaka rangi ya kaniki, tone la njano likanidondokea begani mwake, nikaona uvivu kulifuta. Mama yangu alipita kibandani, akamwona, akacheka. "Mguu huu ni wa babu yako Luhende kabisa!" Babu huyo sikumwona, alikufa kabla sijazaliwa, goti lake lilivunjwa na ng'ombe dume. Nikaona jina limekaa vizuri. Nikamwambia Mwalimu aandike: Kapteni Luhende.

Kwetu jina la marehemu linapewa mtoto, au ng'ombe wa ukoo, na linaombwa kwanza kwa mwenyewe. Nilijua. Usifikiri sikujua. Lakini nilijidai mtu wa kisasa, jina hilo nikaipa plastiki.

Na Luhende akawa hafi! Msimu mzima wa pamba, tangu kupanda hadi kuvuna, makapteni wenzake wanaanguka, yeye yuko pale pale na mguu wake. Akishambuliwa, mimi narusha dadu. Ikija moja amekufa. Moja haikuja hata siku moja. Kulwa akawa ananitania, "Wewe umemchanja dawa huyo," na mimi naringa.

Ndipo Kabula akajifungua mtoto wa kiume. Elewa kwamba wawili wa kwanza tulishawazika, hakuna aliyemaliza mwezi. Siku ya tatu huyu naye akaanza kulia. Si kilio cha njaa, kwa sababu ziwa alilikataa. Hospitali wakampima, wakasema mtoto ni mzima, mrudisheni nyumbani. Mzima gani asiyenyonya? Sauti ikawa inakauka, mbavu zinahesabika, Kabula hataki kumweka chini. Niliogopa sana, sikufichi.

Mama akamweka mapajani, akawa anamtajia sikioni majina ya wazee wetu waliotangulia, mmoja mmoja. Wazee wetu wanasema mtoto akilia hivyo kuna mzee anataka jina lake; likitajwa lenyewe, mtoto atanyonya. Akataja kumi na zaidi. Alipofika Luhende, mtoto alinyamaza kidogo, akageuza kichwa kama anayemtafuta mtu, halafu akalia kuliko mwanzo.

"Ni huyu," mama akasema. "Lakini haji. Kuna mtu kamshika mahali. Ng'wanawane, mwanangu, nani katumia jina hili?"

Mwanaume mzima, niliona haya kusema nimempa mdoli! Niliinuka nikatoka nje. Na kwa kuwa ilikuwa Jumapili, miguu ikanipeleka kibandani, nikawakuta wenzangu wameshapanga meza.

Hatujakaa sana, mlango ukaingia giza. Mzee amesimama. "Mwadila!" akatusalimu, ile salamu yetu ya alasiri. Mwalimu akampisha kiti, "Shikamoo mzee, karibu." Akakaa, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele. Amejifunga kaniki, na begani ana doa la njano. Kibanda kizima kikanuka rangi mbichi, nami siku hiyo sikuwa nimefungua kopo.

Aliongea Kisukuma, nakuambia kwa Kiswahili. Hakuwatazama wenzangu. Alinielekea mimi.

"Msimu mzima umeniweka hapa mezani. Kila Jumapili unanituma vitani. Nyumbani kuna mtoto ananiita, nitaendaje na mimi niko hapa?"

Kulwa akauliza, "Mzee anamaanisha nini?" Nikamchukua Luhende, nikamvusha mto peke yake, nikamsimamisha katikati ya jeshi zima la Kulwa. "Mpige!" Kulwa akadhani nimerukwa na akili, lakini akapiga. Nikarusha dadu nikiomba moja. Sita. Akapiga tena. Sita. Mara ya tatu nilirusha kwa mikono miwili, machozi yananitoka, na ile dadu ikajiviringisha mpaka kwenye goti la mzee, ikasimama. Sita.

"Dadu haiwezi," mzee akasema. "Uliyeniita ndiye wa kuniachia."

Nikapokonya daftari. Mwalimu, na ualimu wake, akaling'ang'ania: "Hajafa! Sheria hairuhusu!" Nikamsukuma, Mungu anisamehe, nikakata lile jina kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nikasema kwa sauti, mbele yao wote: "Babu Luhende, nimekosa. Nilikuita kwenye mchezo. Jina lako nalirudisha nyumbani."

Mzee akainuka, akanipa mkono. Wa baridi na unanata. Akatoka akiuburuta mguu, nami nikakimbia nyuma yake, na nje hakukuwa na mtu. Nikautazama mkono wangu: umejaa rangi ya kaniki, na njano katikati ya kiganja. Nikarudi mezani. Kijitu kilikuwa kimesimama pale pale, rangi ya majivu mwili mzima, kama kilivyotoka kwenye belo. Kulwa yupo hadi leo, kamuulize.

Nikakimbia nyumbani. Kufika uani, kimya. Wewe uliyezika wawili, ukikisikia kimya kile utawaza nini? Nilishika fremu ya mlango, nikashindwa kuingia. Mama ndiye aliyeniita: "Njoo uone. Nimelitaja tena Luhende sasa hivi tu." Kabula analia na kucheka, na mtoto ananyonya kwa pupa, maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo. Nikapiga magoti nikamwambia mama kila kitu. Alinitukana, nilistahili. Kesho yake ng'ombe mmoja akatengwa kwa jina la babu.

Vita ya mezani ilikufa siku ile. Vijitu nilivifungia sandukuni, sikumwonyesha mtoto hata kimoja, wala hakuna aliyemsimulia. Alikua vizuri, ila akikaa huwa ananyoosha mguu wa kushoto. Madaktari hawauoni ubaya wake. Akiwa na miaka minne, Jumapili moja alinikuta nimekaa kibandani. Akajiegemeza kwenye ile meza, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Baba, siku hizi mbona hunitumi vitani?"

Nilimpakata mpaka jua likazama. Njano bado ninayo kiganjani, petroli haiitoi.

Basi wewe mwenye mdoli, mwenye mbwa, mwenye gari ulilolibandika jina la marehemu wenu kwa sababu limekupendeza, leo hii kaa chini umuombe radhi mwenyewe, umwambie arudi nyumbani. Usisubiri mtoto alie.