Nyundo Ndani ya Wimbo

Gereji nzima walimwita Radi, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, mkono mwepesi kwa bati na mwepesi zaidi kwa watu. Ukimjibu ovyo, unalamba sakafu. Aliwahi kumvunja pua mwuza vipuri kwa ajili ya bawaba ya mlango. Bawaba, jamani! Nyumbani nako mambo yalikuwa yale yale. Mkewe alijua kuzisoma hatua zake tangu kwenye ngazi, na binti yao wa pekee alilelewa kwa makofi na ule msemo wa samaki mkunje angali mbichi, kana kwamba samaki hukunjwa kwa ngumi.

Binti aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa na mazoea ya kuja gereji mchana, anakaa juu ya tairi, kimya, simu ameielekeza kwa baba yake anayegonga bati. Radi akajiaminisha kwamba upande wa pili wa simu ile kuna mwanamume. Hakuuliza. Aliinyakua akaitumbukiza kwenye ndoo ya oili chafu, na binti alipofungua mdomo ajieleze, akamtandika ngumi ya mdomo mbele ya mafundi wote. Kesho yake chumba cha binti kilikuwa kitupu.

Miaka miwili ikapita. Mkewe alimwambia neno moja tu, nalo likamkaa kooni kama mwiba: mkono wako ukipoa, mtoto atarudi. Basi akajizuia. Alimeza hasira kama dawa chungu, mwaka na nusu hakumgusa mtu. Na kilichomsaidia, cheka ukitaka, ni muziki.

Aliyemwonjesha ni mama wa rangi, fundi wa kupulizia rangi aliyefanya kazi upande wa pili wa turubai. Mama huyo hakuwa na habari na nyimbo za redioni. Alisaka kwenye simu vijana wasiojulikana, wanaorekodi chumbani, hawana kampuni wala meneja, wimbo wanautoa wenyewe. Radi alianza kwa kudharau. Mara akawa anauliza leo kuna nini kipya. Mara akanunua spika yake, akawa anachimbua mwenyewe wakati wa chai, na akikuta wimbo uliosikilizwa na watu arobaini tu duniani, moyo unamdunda kama kijana aliyepata mchumba. Wenzake walimtania kwamba uzee umemwingia vibaya, naye, ajabu, alicheka nao.

Jumatatu moja akauopoa wimbo wa msichana ambaye hakuweka sura, ila picha ya dirisha tu. Mdundo wake ulikuwa wa chuma, mkavu, na juu yake sauti nyembamba yenye utani, ikiimba habari za kumpenda mtu huku umekaa karibu na mlango. Kila herufi ya S ilimtoka na kamluzi kadogo. Radi alikapenda kamluzi kale kuliko wimbo wenyewe. Aliupiga asubuhi, akaupiga mchana, akaupeleka nyumbani akaucheza jikoni akigonga mdundo mezani kwa vidole vyake vilivyopinda, mkewe ameegemea ukuta akimtazama.

Alhamisi akaja dereva kuchukua gari lake. Wimbo ulikuwa hewani. Dereva akasikiliza kidogo, akacheka, akauliza kibogoyo gani huyu anayepuliza filimbi badala ya kuimba.

Mwaka na nusu ukaisha hapo hapo. Radi alimkamata ukosi, akamgongesha paji la uso kwenye boneti, mara ya kwanza, mara ya pili, bati likaingia ndani na damu ikateleza juu yake. Akamlaza chali, akamkaba koo kwa mikono miwili. Miguu ya dereva ilipiga ndoo teke, macho yakamtoka pima. Mafundi watatu walimvuta mabega wakashindwa. Mama wa rangi hakuvuta. Aliinama sikioni kwake.

"Hiyo nyundo ni yako," alisema. "Sikiliza."

Kila mnyoosha bodi ana mkono wake. Radi hupiga mbili nzito, ya tatu nyepesi pembeni ya bati, apumzishe kifundo cha mkono. Hakuna mwingine apigaye hivyo. Akasikiliza. Mbili nzito, moja nyepesi. Ikamjia ile simu iliyomwelekea kila mchana: kumbe mtoto alikuwa akiirekodi nyundo, na rekodi alizihifadhi mbali na ndoo ya oili. Kisha kamluzi kakapita, naye akajua kanapenya kwenye pengo la jino lipi, maana jino lenyewe alilikanyaga sakafuni siku ile ya ngumi. Vidole vikalegea. Dereva alijiburuza hadi getini, akikohoa damu.

Na Radi? Alikimbia nyumbani na furaha, mwendawazimu yule. Akaingia akipiga kelele kwamba amempata, mtoto yuko hai, mtoto anaimba. Mkewe hakuruka. Alikuwa anatazama mkono wa shati.

"Hiyo damu ya nani?"

Akamweleza kwa pumzi moja, tena kwa majivuno: kuna mpumbavu amemcheka mtoto wetu, nimemtia adabu. Mkewe akakaa chini taratibu. Ndipo akamwambia kwamba wimbo ule anaujua, kwamba mwaka mzima wanazungumza na binti kwa siri, na alinyamaza kwa kuwa alitaka mzee aupende kabla hajajua ni wa nani. Jumamosi mtoto alikuwa aje. Kila akipiga simu huuliza jambo moja tu, baba bado anapiga? Na yeye mama mtu jana ameapa kwamba baba ameacha.

Radi akaanza kujitetea. Leo haihesabiki, alichokozwa, mtoto ana haja gani ya kuambiwa? Sauti ilipanda, na mkono nao ukapanda hewani pamoja na maneno, akaona mkewe ameshakinga uso. Akautazama ule mkono uliokinga. Akaushusha wa kwake.

Mkewe alibonyeza simu, akamwekea kiganjani. Ikaita, ikapokelewa, sauti nyembamba ikaitikia, "Mama?"

Radi alikaa sakafuni.

"Ni baba," alisema. "Usije Jumamosi, mwanangu. Leo nimepiga mtu."