Mjomba wa Kukodi

Mjini Mocímboa da Praia mjomba hukodishwa, usishangae. Vita vimewatawanya watu, wengine wako mji wa Pemba, wengine Nampula, wengine Mungu ndiye ajuaye, na posa haingoji. Kijana akileta posa, lazima awepo mjomba wa binti, aketi mkekani, aulizwe na ajibu. Asipokuwepo, yupo Mzee Sufo. Mzee huyu amekwisha kuwa mjomba wa mabinti ambao hata majina yao hayakumbuki, na ujira wake ni shati jipya na kula mpaka aseme basi. Kusema basi ndiko hakujaaliwa.

Ndiye aliyefuatwa na Madalena, muuza bajia wa mtaa wa Nanduadua, wiki ile binti yake Suzete alipoletewa habari kwamba wakwe wanakuja.

Ukitaka kumlaumu, mjue kwanza. Madalena hakupotewa na mjomba. Hakuwahi kuwa naye. Katika vita vile vya zamani, vya kabla ya hivi vyetu, watu wa misheni walimkuta kando ya barabara ya Macomia, kitoto kidogo kimekaa karibu na mwanamke aliyekwisha kufa. Maneno machache aliyokuwa nayo yalikuwa ya Kimakua, na jina la ukoo halikuwamo. Masista walimpeleka akabatizwa kwa jina la Madalena, akalelewa na Wamakonde wa misheni, akakua akisema kama wao na kula kama wao. Lakini kwa Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na wa kumsemea ni kaka wa mama. Asiyemjua mama yake, ukoo ataupata wapi?

Aliolewa bila mtu kuuliza ukoo wake, akaona ni bahati. Bahati gani! Mumewe alipofariki, ndugu wa mume walikuja hata matanga hayajaanuliwa, wakang'oa mabati, kisha wakang'oa na mlango. Mlango jamani! Hata mwizi huacha mlango. Madalena alisimama uani, Suzete mgongoni, wakamcheka: "Mjomba wako yuko wapi? Aje basi atukataze." Hakuja mtu, maana hakumwita mtu. Aliona aibu kuwaambia hata wenzake wa kanisani. Akafunga kapulana, nguo yake ya kiunoni, akaondoka kimya kimya.

Siku ile aliapa kwamba Suzete hataolewa kama kitu kilichookotwa. Nyuma yake atasimama mtu.

Sasa, watu wa jumuiya yake ya kanisa hawakuwa wageni kwake. Walikimbia pamoja, wakalala chini ya turubai moja huko Metuge, wakarudi pamoja, na nyumba anayokaa leo ni wao waliomwezekea. Kila Jumapili Madalena aliisali Baba Yetu kwa sauti ya kuwaamsha waliosinzia. Lakini kusali ni kusali na mkeka wa posa ni mkeka wa posa, ndivyo alivyofikiri. Mbele ya wakwe mtu hawezi kuweka Jumapili mahali pa mjomba.

"Dada Madalena," katekista Germano alimwuliza baada ya ibada, "mjomba wa kumsemea binti umempata?"

"Nimempata, kaka."

Germano alimtazama kidogo. Alikuwa amevaa shati lake jeupe la ibada, na inaonekana alikuwa na jambo la kusema, lakini akalimeza. "Haya," alisema. "Akina mama watakuja kukusaidia kupika."

Nyumbani Suzete naye hakupenda. "Mamã, huyo mzee mlevi tutamwita mjomba mpaka lini?"

"Siku moja tu, mwanangu. Ukishaolewa, imekwisha."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Madalena aliiona ndefu ya kutosha kufika Jumamosi.

Jumamosi ikafika. Akina mama wa jumuiya walijaa jikoni tangu asubuhi, na jirani yake Chamima, Mwislamu wa pwani hiyo hiyo, alikuja na sufuria yake kubwa kuliko zote mtaani, akaushika wali wa nazi asimwachie mtu. Mzee Sufo alikuja na shati jipya na harufu ya tembo la jana. Kisha wakaja wageni: Abílio mwenyewe mposaji, fundi wa pikipiki, kijana wa heshima zake, na wazee wake kutoka Mueda, wakiongozwa na mjomba wake, senhor Jaime. Huyu alikuwa mzee mrefu, mkavu, ambaye ukimdanganya unajisikia umejidanganya mwenyewe.

"Hodi" ikapigwa, ikapokewa. Wakakaa mkekani, Mzee Sufo upande wa wenyeji, Jaime upande wa wageni, na Germano pembeni kama shahidi.

"Tumekuja kutafuta jiko," Jaime alianza. "Lakini kabla ya jiko, tuwajue wenye nyumba. Mjomba mwenzangu, ninyi ni wa ukoo gani?"

Madalena na Mzee Sufo walikwisha kukubaliana ataje ukoo mdogo wa mbali, usiojulikana na wengi. Lakini mzee alipoona macho yote yako kwake, na shati linang'aa, ukoo mdogo aliuona haumtoshi. Akavuta pumzi, akautaja ukoo mkubwa kuliko wote aliowahi kuusikia huko Mueda, tena akaongeza majina ya mababu wawili.

Abílio alishtuka. Jaime aliivua kofia, akaiweka chini taratibu.

"Huo ni ukoo wangu," alisema. "Ndio ukoo wa mama yake Abílio."

Jikoni miiko ikasimama. Wali uliendelea kuchemka peke yake. Kwa Wamakonde watu wa ukoo mmoja hawaoani, ni kaka na dada, na hakuna mjadala juu ya hilo. Kwa neno moja la sifa Mzee Sufo alikuwa amemfanya Suzete kuwa dada wa mchumba wake.

"Basi hapa hapana posa," Jaime alisema akiinuka. "Mtatupa maji ya kunywa, twende zetu."

"Ngoja, mjomba, ngoja!" Mzee Sufo alihangaika. "Nimechanganya. Huo ni wa shemeji yangu."

"Mtu mzima anachanganya ukoo wake?"

Nyuma ya pazia Suzete aliangua kilio. Madalena alikuwa mlangoni pa jiko, mwiko mkononi, amesimama vile vile alivyosimama siku ile ya mlango. Akinyamaza, wageni watakwenda na heshima ya uongo itabaki nzima. Akisema, Nanduadua yote itajua kwamba yeye ni mtu wa kuokotwa, na bado wageni huenda wakaondoka. Alimsikia mwanawe akilia. Liwalo na liwe, akatoka.

"Senhor Jaime, naomba usiende. Huyu si mjomba wa binti yangu. Nimemkodi kwa shati."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa.

"Mimi sina kaka wala mjomba," Madalena aliendelea. "Niliokotwa barabarani. Ukoo wangu siujui, na mama yangu sijui hata alizikwa na nani. Lakini sikukosa mwenyewe. Nilimwagiwa maji kwa jina la Yesu, nikaambiwa, tangu leo wewe ni wake. Nikalisadiki hilo kanisani, nikalisahau sokoni. Miaka yote hii nimelala njaa ya mjomba, kumbe jiko langu limejaa ndugu zangu, nami nimewaficha jikoni wapike, nikaenda kumkalisha mlevi mkekani! Nimemwonea Mungu aibu mbele yenu. Kwa hilo ndilo naomba radhi. Kwa kuokotwa siombi radhi tena."

Alipomaliza alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mtungi kichwani.

Jaime hakuketi. "Maneno mazuri," alisema. "Mungu ni wa wote, mama, hata mimi ni wake. Lakini nakuuliza mambo ya dunia. Binti yako akiugua, nimpelekee nani habari? Huyu kijana wangu akirukwa na akili akampiga, nani atakuja Mueda kumchukua? Mungu atapanda gari?"

Lilikuwa swali la haki, na Madalena alifungua mdomo ajibu. Hakuhitaji.

"Atapanda," alisema Germano, akisimama. "Atapanda na miguu yangu hii. Mimi ni katekista tu, lakini Suzete ni mtoto wetu. Habari zake nileteeni mimi."

"Na mimi," alisema mama mmoja kutoka jikoni, mikono ina unga.

"Na mimi hapa."

"Mie pia, tena nitakuja na wanangu wote, na wanakula hao!"

Wakatoka jikoni wote, mmoja baada ya mwingine, uani pakajaa. Madalena aliwatazama, akaona haya, akaona na furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Hawa wote wangekuja siku ile ya mlango. Wangekuja mbio. Hakuwaita tu.

Mwisho akasimama Chamima, jasho linamtoka. "Mie kanisani kwenu siingii, mnajua. Mie na mtume wangu. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Huyo mume akimgusa Suzete, kabla hao wa kanisa hawajamaliza kusali, mie nimekwisha kufika na mwiko huu."

Watu walicheka mpaka Abílio, masikini, naye akacheka, ingawa mwiko wenyewe ulikuwa wa kumpiga yeye. Jaime peke yake hakucheka, lakini ndevu zilimchezacheza.

"Ukoo wangu mimi ni mkubwa," alisema polepole. "Nyumba yangu ilipochomwa, niliwatafuta. Sikupata watu wengi namna hii." Akakohoa. "Lakini mdomo wa mkekani ni mmoja. Nani anakaa hapo?"

Mzee Sufo alikwisha kujiondoa mwenyewe, yuko jikoni anatafuta sahani. Mkeka ulikuwa wazi. Watu wote walimgeukia Germano, naye akatikisa kichwa.

"Kaa wewe, dada Madalena," alisema. "Mwenye Mungu nyuma yake hakodi wa kumsemea. Sisi tutakaa nyuma yako."

Mwanamke kukaa mahali pa mjomba! Wazee wa Mueda walitazamana. Madalena alifuta mikono kwenye kapulana, akavua ndala, akaketi. Watu wa jumuiya wakaketi nyuma yake, na Chamima pamoja nao, mwiko mapajani.

Jaime aliokota kofia yake. "Abílio, toka nje. Wote, tokeni."

Wakatoka wageni wote, mpaka barabarani. Kilio cha Suzete kilianza upya. Wenyeji walibaki wakitazama lango tupu, lakini Madalena hakuinuka. Alikuwa amekwisha kukaa mahali pake, na hata wageni wakienda zao, mahali pake patabaki pake.

Ndipo ikasikika kutoka barabarani sauti ya Jaime, kubwa, kama ya mtu ambaye hajawahi kufika hapo.

"Hodi! Hodi wenyewe! Ile ya kwanza ilijibiwa na uongo, hatuwezi kuozesha watoto juu yake. Hodi! Hapa ni kwa nani?"

Madalena aliinua uso. Akajaza kifua.

"Hapa ni kwa watu wa Mungu!" alijibu, na walioko dukani ng'ambo ya barabara waligeuka. "Karibuni ndani!"

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha Chamima, kisha vikaja vya wote, na pazia likafunguka, Suzete akachungulia na macho yake mekundu. Jaime aliingia kofia mkononi, akavua viatu, akaketi mbele ya Madalena na kuinamisha kichwa kama anavyoinamishiwa mjomba.

"Mwenye binti," alisema, "tumekuja kutafuta jiko."